Tusiwe wapangaji wa mtandao

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo niliijua nikiwa mtoto wa shule ya msingi hapa Isiolo, nimeifundisha kwa miaka mingi katika chuo kikuu, na nimeisahihisha katika insha nisizoweza kuzihesabu. Hata hivyo, sikuielewa barabara hadi nilipopoteza mali yangu mwenyewe, tena mali iliyokuwa imeandikwa katika daftari. Lililopotea ni daftari lenyewe, kwa sababu halikuwa langu.

Leo, kwa hisani ya mhariri na kwa uvumilivu wako msomaji, ningependa kuweka kando mijadala ya ngeli na uakifishaji ili nizungumzie jambo ambalo baadhi ya wenzangu chuoni huliona kuwa mchezo wa kitoto. Jambo hilo ni uraibu wangu wa kutengeneza kurasa za mtandao kwa mikono yangu. Mwishowe utaona kwamba ngeli hazikukaa kando hata kidogo.

Kila likizo ya Disemba nirudipo nyumbani katika wadi ya Wabera, mjini Isiolo, huweka meza ndogo barazani na juu yake kipakatalishi cha mtumba nilichokinunua Nairobi. Majirani wapitao huniuliza kama nimefungua biashara ya kutengeneza simu. Mama mmoja aliwahi kuniletea redio iliyokufa, akaniachia mezani na kuniambia atapita jioni kuichukua. Naam, ni vigumu kumweleza mtu kwamba mwalimu wa isimu mwenye shahada ya uzamifu anashinda kutwa kivulini akiandika alama za pembe kwenye kioo, wala halipwi na yeyote. Wacha nijaribu kueleza.

Mwaka 2004, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nilianza kukusanya maneno ya Kiswahili kinachozungumzwa Isiolo. Mji huu, kama ajuavyo kila aliyeufika, ni njia panda. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru hukutana sokoni, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Lakini Kiswahili hicho hakikufika huku kikiwa na maneno ya kila kitu. Mfugaji anapozungumzia maji na malisho huleta istilahi za kwao, na istilahi hizo zikishaingia katika sentensi ya Kiswahili huvaa viambishi vyetu na kutembea kana kwamba zilizaliwa Lamu.

Mwalimu wangu katika kazi hiyo alikuwa mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye sote tulimwita Abba, yaani baba, kwa desturi ya Waborana. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba ganna ni mvua ndefu, hagaya ni mvua fupi, na bona ni kiangazi; kwamba dedha ni eneo la malisho na vilevile baraza la wazee wanaolisimamia; kwamba abba herega ni msimamizi wa zamu za kunywesha mifugo kisimani. Kwa kila neno alinipa mfano, na kwa kila mfano kisa. Nilipomaliza nilikuwa na maneno 412.

Siku hizo tulikuwa tukiingia mtandaoni kupitia saiba na kulipa kwa dakika. Kampuni moja ya ng'ambo, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa ikiwapa watu kurasa za bure. Nikajiandikisha, nikayapakia maneno yangu yote, nikafurahi kama mtoto aliyevikwa viatu vya Idi. Mwaka 2006 nilichapisha orodha hiyo kwenye karatasi, nakala mbili tatu, nikampelekea Abba moja. Akaishika, akaigeuza, kisha akaniuliza, "Na huko ulikoyaweka, ni kwa nani?"

Nikamjibu kwa majivuno, "Ni kwa dunia nzima, Abba."

Akanyamaza. Nilidhani amestaajabu. Leo naamini alikuwa akingoja jibu.

Abba alifariki mwaka 2011. Mwaka uliofuata nilipotaka kuirejelea orodha kwa ajili ya makala ya kitaaluma, nilikuta ukurasa haupo. Kampuni ilikuwa imeifunga huduma ile, na ilani yake ilikuwa imetumwa kwa anwani ya baruapepe ya enzi za uanafunzi wangu, ambayo nilikuwa nimekwisha kuiacha. Nakala yangu ya disketi ilikataa kufunguka. Niliwaandikia, sikujibiwa. Nikatafuta katika Internet Archive, ile maktaba iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996 ili kuhifadhi kurasa za wavuti. Humo niliupata ukurasa wa mbele peke yake, wenye jina langu kwa herufi kubwa na ahadi kwamba maneno yenyewe yamo ndani. Ndani hamkuwa na kitu.

Msomaji asidhani kwamba naililia kampuni. Ilinipa bure, ikachukua bure. Kosa lilikuwa langu, na ni kosa ambalo mamilioni ya watu wamelifanya pamoja nami. Kisa mashuhuri ni cha GeoCities, huduma iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994. Kurasa zake zilipangwa katika mitaa: mtaa wa Athens ulikuwa wa elimu na falsafa, wa Hollywood ulikuwa wa filamu, na kila ukurasa ulikuwa na nambari yake mithili ya nyumba. Mwaka 1999 GeoCities ilinunuliwa na Yahoo, na Oktoba 2009 mitaa yote hiyo ilibomolewa, isipokuwa ile ya Japani ambayo iliponea hadi 2019. Kilichosalia ni kile kilichowahi kunakiliwa na wahifadhi. Mwaka 2019 ulikuwa mbaya hata kwa wengine: Google+ ilifungwa mwezi Aprili, na MySpace ikakiri kwamba imepoteza muziki uliopakiwa kwake tangu 2003 hadi 2015. Wanamuziki wengi walikuwa hawana nakala nyingine.

Mtu wa Isiolo hahitaji kufafanuliwa zaidi. Hapa kwetu wapo watu wengi waliojenga nyumba juu ya viwanja walivyopewa kwa barua ya mgao tu, bila hatimiliki, nao wanaijua tofauti ya karatasi hizo mbili siku mtu mwingine anapotokea na barua yake. Ukurasa wa bure ni barua ya mgao. Unaweza kuupamba upendavyo, ukapanda maua mlangoni, lakini ardhi si yako.

Hapo ndipo uraibu wangu ulipoanza. Nilijiuliza: hivi ukurasa wa mtandao ni kitu gani hasa? Nilishangaa kugundua kwamba ni maandishi matupu, yenye alama chache zinazokieleza kivinjari kwamba hiki ni kichwa, hii ni aya, hiki ni kiungo cha kukupeleka kwingine. Mfumo wa alama hizo huitwa HTML. Mwingereza Tim Berners-Lee ndiye aliyependekeza wavuti mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba mtu yeyote aweza kuitumia teknolojia hiyo bila malipo. Kurasa za mwanzo kabisa, ambazo CERN ilizirejesha mahali pake mwaka 2013, zinasomeka hadi leo katika simu yoyote ya mkononi. Ni programu ngapi za miaka hiyo zinazofunguka katika mashine za leo? Maandishi matupu yana maisha marefu.

Aidha, maandishi matupu ni mepesi. Makala yenye maneno 2,500 ya Kiswahili, pamoja na alama zake zote, haizidi sana baiti 17,000. Picha moja iliyopigwa kwa simu za siku hizi aghalabu huwa megabaiti 3. Kwa hiyo picha hiyo moja ina uzito wa makala kama hiyo zaidi ya 170. Mwanafunzi anayenunua bando la shilingi chache ataelewa mara moja maana ya hesabu hii: ukurasa wa maneno haumli.

Ama kuhusu zana, sikununua kitu. Kile kipakatalishi cha mtumba kilikuwa kimechoka mno kuendesha programu mpya za kulipiwa. Nikakiwekea mfumo wa Linux, ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991 na ambao husambazwa bure, nacho kikafufuka. Alama za msingi za HTML nilizijua kwa majuma mawili ya jioni. Nikalipia jina la tovuti linaloishia kwa .ke, yaani utambulisho wa Kenya ambao husimamiwa na KENIC, na nikakodi nafasi ndogo katika seva. Ndiyo, nafasi hiyo nayo ni ya kukodi, sijidai. Lakini jina limesajiliwa kwangu, na maandishi yote yamo katika mashine yangu. Mwenye seva akifunga duka leo, kesho nitahamia kwingine na wasomaji watanipata kwa anwani ileile. Mpangaji aliyekaa katika nyumba ya watu huondoka na mkoba. Mimi nitaondoka na nyumba.

Lakini faida iliyonigusa zaidi, kama mwanaisimu, ni nyingine. Mtu anapojenga kwa mikono yake hugundua jinsi mashine zisivyotujua.

Chukua mfano wa alama ya kwanza kabisa ninayoiandika juu ya kila ukurasa. Hiyo huitangazia mashine kwamba lugha inayofuata ni Kiswahili, kwa herufi mbili za kimataifa: sw. Usipoitangaza, kivinjari hukisia. Nimewahi kuona kikidhani Kiswahili changu ni Kiingereza kilichoharibika na kupiga mstari mwekundu chini ya kila neno, kama mwalimu mkali aliyeingia darasa lisilokuwa lake. Simu nayo ina hulka hiyohiyo: nikiandika sana huleta Santa, nikiandika kama huleta karma. Tazama pia jina la mto wetu, Ewaso Ng'iro. Programu nyingi za kutafuta na kusahihisha hudhani kile kibainishi ni mwisho wa neno, zikakata ng'ombe vipande viwili: ng upande huu, ombe upande ule. Mchinjaji wetu hakati hivyo.

Kisha njoo katika ngeli. Programu nyingi zilizobuniwa kwa Kiingereza huunda sentensi kwa kuacha pengo na kuchomeka nomino. Kwa Kiingereza kitenzi hakibadiliki, iwe kilichofutwa ni picha, ujumbe au kitabu. Sisi husema picha imefutwa, ujumbe umefutwa, faili limefutwa, kitabu kimefutwa, na zikiwa kurasa nyingi basi zimefutwa. Mtafsiri akipewa pengo moja tu hulazimika kuchagua kiambishi kimoja, na matokeo yake mashine hutuambia kwamba "ujumbe imefutwa". Mtoto wa darasa la nne akiandika hivyo tunamkata alama. Mashine ikiandika hivyo mbele ya watoto 40, kila siku, ni nani atakayeikata? Nikitengeneza kijiprogramu changu mwenyewe, ngeli ndizo ninazozipanga kwanza, kisha mashine ifuate. Hilo nimelifanya kwa mistari michache, na sikuona ugumu wowote. Ugumu ni kwamba aliyeandika ile programu ya awali hakujua kuna swali la kuuliza.

Hali ni ileile kuhusu saa. Simu husema 7:00, nasi husema saa moja. Katika ukurasa wangu nimeweka saa inayosoma kwa Kiswahili: huchukua saa ya mashine, ikasogeza tarakimu sita, kisha ikaongeza asubuhi, mchana, jioni au usiku kwa kadiri inavyofaa. Wanafunzi wa hapa Wabera waliipenda kuliko makala zangu zote. Mmoja aliniuliza swali ambalo lilinikosesha usingizi: mashine hubadilisha tarehe saa sita ya usiku, lakini Waswahili husema usiku wa kuamkia Jumatano, basi usiku huo ni wa siku gani? Nimefundisha semantiki kwa miaka mingi, wala sijawahi kuulizwa swali zuri kama hilo darasani.

Si kwamba hatujajaribu. Mwaka 1994, wavuti ikiwa bado changa, mradi wa Kamusi ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani na kuwawezesha watu wa pembe zote za dunia kushirikiana kutunga kamusi ya Kiswahili mtandaoni. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi uliozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maelezo. Kazi hizo zote zilifanywa na watu wenye bidii. Lakini sisi wenye lugha tulizipokea vipi? Wengi wetu tulikesha tukibishana kama chombo kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, huku lugha ndani ya chombo chenyewe ikiwa Kiingereza tangu kinapowashwa hadi kinapozimwa. Sisemi istilahi hazina maana. Nimeshiriki mabishano hayo kwa furaha. Nasema kwamba neno hupata uzima kwa kutumiwa. Kipakatalishi, ambalo limetokana na kitendo cha kupakata, halikunikaa ulimini nilipolisoma katika orodha ya istilahi. Lilinikaa nilipoliandika katika ukurasa wangu kwa mara ya kumi.

Tena siku hizi lipo jambo jipya. Zile mashine za akili unde zinazojibu maswali na kuandika barua hujifunza kutokana na maandishi waliyoyaweka watu. Zikikuta Kiswahili kichache, au Kiswahili kilichotafsiriwa ovyo na mashine nyingine, hicho ndicho zitakachotufundishia watoto. Kisima hutoa maji yaliyomo.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu wa kidato cha tatu, aliyekuwa ameketi nami barazani akichezea simu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Lakini mjomba, nani atakuja huko kwako? Watu wote wako WhatsApp na TikTok."

Swali hilo si la kudharau, na wala sikutaka kumdanganya. Nilimwambia ukweli kwamba kwa siku ukurasa wangu hutembelewa na watu wachache kuliko abiria wa matatu moja. Mimi mwenyewe hutumia WhatsApp kuwasiliana na wanafunzi, nao huniletea habari za mazishi na harusi kabla sijazisikia redioni. Huko ndiko sokoni, na soko halisusiwi. Lakini mtu hahifadhi cheti chake cha kuzaliwa sokoni. Yale yanayosemwa kwenye kundi la WhatsApp leo, kesho kutwa yatakuwa yamefukiwa na ujumbe 600, na ukibadilisha simu bila kuweka nakala yatakuwa yamekwenda nayo. Ukurasa wangu unasomwa na wachache, lakini anayeutafuta mwaka ujao ataukuta pale ulipokuwa.

"Hebu niambie," nikamwuliza, "Wabera ni nini?"

"Ni wadi, mjomba."

"Kabla ya kuwa wadi?"

Hakujua. Simlaumu, maana nani alimwandikia? Nikamweleza kuhusu Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya hapa Isiolo, aliyeuawa mwezi Juni mwaka 1963 pamoja na chifu Haji Galma Dida, nusu mwaka tu kabla ya Kenya kupata uhuru. Jina la Wabera limo katika barabara moja katikati ya jiji la Nairobi, na watoto wetu hulitamka kila siku waelekeapo shuleni. Jina limesalia kwa sababu liliandikwa kwenye vibao. Kisa chake hakina kibao.

Kijana akaniazima kipakatalishi. Ukurasa wake wa kwanza, uliojaa makosa ya alama lakini ngeli zake zikiwa sawasawa, unahusu jina la wadi yake. Ameanza kuwauliza wazee, na tayari wawili wamempa habari zisizolingana. Nikamwambia aziandike zote mbili, aonyeshe ipi imetoka kwa nani. Hilo nalo ni somo la utafiti ambalo wengine hulipata wakiwa chuo kikuu.

Sasa nirudi kwa maneno ya Abba. Disemba moja, nikiwa natoka sokoni, nilikutana na mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha katika shule moja ya msingi hapa mjini. Baada ya kujuliana hali akaniambia, "Daktari, karatasi zako bado ninazo."

"Karatasi zipi, Mwalimu?"

"Zile za maneno ya Abba. Nilizitia jalada la plastiki, nikawa nawasomea watoto hadi nilipostaafu. Kurasa za mwisho ziliraruka, walikuwa wakigombea."

Nilisimama pale njiani nikikosa la kusema. Kampuni yenye mitambo mabara mawili haikuweza kuyatunza maneno yale, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyatunza kwa jalada la plastiki. Katika karatasi zake mlikuwa na maneno 214. Niliyaandika upya mimi na mpwa wangu kwa jioni nne, yeye akisoma, mimi nikichapa, kisha tukabadilishana. Leo yamo katika ukurasa wangu, yamo katika flashi iliyoko kabatini, yamo katika mashine ya rafiki yangu Nairobi, na yamo tena katika karatasi kwa yule mwalimu, safari hii kwa wino mweusi na jalada gumu.

Miongoni mwa maneno tuliyoyapata limo konfi. Abba alinieleza kwamba abba konfi ni mtu aliyeanzisha uchimbaji wa kisima, na kwamba haki hiyo hurithiwa na wanawe. Yeye ana haki ya kutangulia katika zamu. Lakini hanywi peke yake; abba herega hupanga utaratibu, na wengine huleta mifugo yao. Niliposoma upya maelezo hayo ndipo nilipolielewa swali alilonitupia mwaka 2006. Hakuwa akiuliza dunia ni kubwa kiasi gani. Alikuwa akiuliza kisima ni cha nani, na nani atakizibua kikijaa mchanga. Kisima cha dunia nzima, kisicho na konfi, hakina wa kukizibua.

Walimu wenzangu, ombi langu kwenu si kubwa. Katika kila shule yenye tarakilishi hata moja, darasa moja laweza kutengeneza ukurasa mmoja wa Kiswahili kuhusu mahali lilipo: jina la kijiji, mto, mti, mtu. Uandikwe kwa maandishi matupu, utangazwe kuwa ni Kiswahili, uhifadhiwe mahali patatu, na nakala moja ichapishwe kwenye karatasi iwekwe maktabani. Kama hakuna fedha za kulipia jina, ukurasa ukae kwanza katika mashine ya shule. Nyumba hujengwa kwa matofali kabla ya kuwekwa bango. Na nyinyi wanafunzi, msikubali kuambiwa kwamba haya ni ya wahandisi. Mwenye kujua upatanisho wa kisarufi anajua tayari sehemu ngumu zaidi ya kazi. Alama za pembe zitafuata.

Mimi bado nina deni. Maneno 214 yamepatikana, 198 hayajulikani yaliko. Baadhi yake nayakumbuka nusunusu: lipo moja la mawingu yanayokusanyika bila kunyesha, lipo jingine la ngamia anayekataa kuongozwa mbele lakini hukubali kufuata. Maana zake ninazo, maneno yenyewe yamenitoka. Msomaji wa Isiolo, Garba Tulla, Merti au Marsabit mwenye babu au nyanya anayeyajua, namsihi akae naye jioni moja, amsikilize na kuyaandika. Akishayaandika, abaki na nakala yake kwanza kabla hajamletea mtu mwingine yeyote, hata mimi.